Nyufa nyembamba kwenye plasta mpya: usikimbilie puti

Plasta mpya ikianza kuonyesha nyufa nyembamba kama unywele, usikimbilie puti (rojo ya kuzibia nyufa). Nyingi hutokana na plasta kusinyaa inapokauka, hasa ikikaushwa haraka na jua au upepo, na ukiziba mapema zinafunguka tena. Weka alama ya penseli kwenye ncha za ufa, kisha subiri. Plasta ya saruji ipe kama siku 28. Ufa ukivuka alama, bado unatembea.

Kabla ya kuziba, gonga kwa kifundo cha kidole. Pakilia patupu, plasta imeachana na ukuta: hapo puti haisaidii, bandua upige upya. Kwenye dari usilifanyie mzaha hilo, kipande kikidondoka kinamwangukia mtu kichwani.

Pakilia pazito, panua ufa kidogo kwa ncha ya kisu, toa vumbi lote kwa brashi kavu (wengi wanaharibu hapa), lowesha kidogo, kisha sukumia puti ndani kwa skrepa ukikatiza ufa, si kuufuata. Ikikauka, msasa laini, praima (rangi ya kwanza ya msingi), kisha rangi. Ufa unaorudi palepale kwenye maungio ya bodi za jipsamu unataka utepe wa wavu, si puti zaidi.