Jinsi ya kujua picha ya zamani ya pwani ya Unguja ni ya lini

Ukipata picha ya zamani ya Forodhani, ufukwe wa mbele ya Mji Mkongwe, usikimbilie kuamini mwaka ulioandikwa nyuma, mara nyingi mtu kaandika tu miaka mingi baadaye. Kwanza igeuze, skani pande zote mbili, ukali wa 600 dpi (nukta kwa inchi) unatosha, na ukitaka kuandika kitu tumia penseli, peni itapenya.

Sasa itazame Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la Sultani linalotazama bahari, hapo ndo penye utamu. Ilijengwa 1883 na mwanzo haikuwa na mnara wa saa, mnara ulikuwa umesimama peke yake mbele yake, halafu Waingereza wakapiga mizinga 27 Agosti 1896 mnara ule ukaharibika, baada ya hapo ndo mnara ukawekwa kwenye jumba lenyewe. Kwahiyo mnara uko peke yake? Ni kabla ya vita. Ukiona milingoti imechomoza baharini kama miti iliyozama, hiyo ni meli ya Sultani, Glasgow, ilizamishwa siku hiyohiyo na mabaki yake yalitolewa 1912. Na bustani ya Forodhani ni ya miaka ya 1930, kwahiyo ikionekana picha si ya kabla ya hapo, wengi hawaiangaliagi kabisa.

Picha za kulinganishia zipo bure mtandaoni, tafuta mkusanyiko wa Winterton wa picha za zamani za Afrika Mashariki, wa chuo cha Northwestern cha Marekani.