Chakula cha usiku kwa njia ya mkato: tui la pakiti, mbaazi za kuchemshwa na samaki wa karai

Ukishuka matatu kwenye soko la Kongowea, Mombasa, jioni, kazi kubwa ya jikoni imeshafanywa na wengine na inauzwa kwa kipimo. Kuna mbaazi zilizokwisha kuchemshwa, nazi inakunwa kwa mashine, samaki yuko kwenye karai. Nunua bila kuona haya. Vinavyobaki juu yako ni kitunguu kilichokaangwa kikaiva, chumvi iliyoonjwa kwa ulimi wako, na tui lililotiwa kwa wakati wake. Mapishi ya mkato yakiharibika, aghalabu huharibikia hapo.

Tuanze na tui, maana ndilo linalolaumiwa zaidi. La mkebe (mililita 400) na la pakiti (mililita 200) ni tui zito. Litikise kabla ya kufungua, kwa sababu mafuta hupanda juu na maji hubaki chini. Usipolitikisa, mchuzi wa leo utakuwa mzito na wa kesho maji matupu. Soma pia maandishi ya nyuma. Ukiona sukari, hiyo ni krimu ya vinywaji na vitamutamu, irudishe kwenye rafu. Tui la unga ni rahisi kuweka, lakini usilimwage moja kwa moja kwenye sufuria inayochemka, litafanya madonge yasiyoyeyuka hata ukoroge vipi. Likoroge kwanza pembeni kwa maji ya vuguvugu: vijiko vikubwa 4 kwa kikombe cha mililita 250 kupata tui jepesi, 6 au 7 kupata zito.

Nazi iliyokunwa sokoni ndiyo yenye ladha kushinda zote, ila joto letu halina huruma. Ukiiacha mfukoni tangu mchana, jioni imeshaanza kuchacha. Ifikishe kwenye friza siku hiyohiyo, ukiigawa kwenye mifuko ya vikombe viwili viwili. Siku ya kupika, saga mfuko mmoja kwenye blenda kwa kikombe kimoja cha maji ya moto kiasi na uchuje: hilo ni tui la kwanza. Rudisha machicha kwenye blenda na kikombe kimoja na nusu cha maji upate la pili. Mbuzi ya kukunia nazi na kifumbu cha kuchujia tui vipumzike.

Mbaazi za nazi, dakika 20, watu 4

Chukua vikombe 3 vya mbaazi zilizochemshwa. Zinuse kwanza. Zikiwa na harufu ya uchachu, au zikiteleza kama zina ute, hazifai, na kuzichemsha tena hakutazirudisha. Zionje pia. Baadhi ya wauzaji hutia magadi ili ziive upesi, na magadi yakizidi mbaazi huwa na ladha ya sabuni na maganda hubanduka. Zisuuze kwa maji mara mbili na tatizo litapungua sana. Kama tayari zina chumvi, usiongeze yako mpaka mwisho.

Kwa desturi, kitunguu cha mbaazi hutiwa kibichi kikaivia humo, kwa sababu sufuria ina muda mrefu mekoni. Hapa muda huo haupo, kwa hiyo kikaange. Katakata kitunguu kimoja kikubwa, kikaange kwenye vijiko viwili vya mafuta, moto wa wastani, dakika 6 au 7, kilainike bila kuwa kahawia. Tia nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano na pilipili mbichi moja uliyoipasua, geuza nusu dakika tu, bizari ikiungua huwa chungu. Mimina mbaazi na kikombe kimoja cha maji (au tui la pili), acha zitokote dakika 8. Ponda kiasi cha robo yake kwa mgongo wa mwiko. Hizo ndizo zitakazofanya rojo, na ukiruka hatua hii utakuwa na mbaazi zinazoogelea. Mwisho tia mililita 200 za tui zito, punguza moto, koroga polepole upande mmoja dakika 4 au 5, kisha chumvi.

Kwa nini tui mwisho? Tui bichi likichemka kwa nguvu, protini zake hugandana, mafuta hujitenga, na mchuzi huonekana kama maziwa yaliyokatika. La mkebe huvumilia zaidi kwa sababu mara nyingi hutiwa vitu vya kulishikilia, lakini nalo lina mwisho wake. Likikatika, chakula hakijaharibika, ni sura tu. Kijiko kimoja cha chai cha wanga wa mahindi (kornfla, ule wa kuzitia uzito supu, si unga wa ugali), uliokorogwa kwa maji baridi, utaurudisha mchuzi kwa kiasi.

Samaki wa karai awe wa kupaka

Nunua vipande 4 vya nguru, au changu wawili wazima. Chagua aliyekaangwa akakauka nje, kwa sababu aliyelowa mafuta hatashika rojo. Usimtumbukize ndani ya mchuzi ukamchemsha. Ameshaiva, atakuwa mgumu kisha atasambaratika.

Weka kwenye kikaango kipana tui zito mililita 400, kijiko kimoja kikubwa cha thomu (kitunguu saumu) na tangawizi ya kusaga, kijiko kimoja cha chai cha bizari ya mchuzi, robo kijiko cha bizari ya manjano, pilipili kwa utashi wako. Moto mdogo, koroga bila kuondoka, mpaka libaki kama nusu na mwiko uache njia chini ya kikaango. Ni dakika 12 hadi 15. Zima moto ndipo utie ndimu moja au vijiko viwili vya ukwaju uliochujwa. Ukali ukikutana na tui linalochemka, utalikata papo hapo. Thomu ya chupa mara nyingi huwa na chumvi na siki, kwa hiyo onja kabla ya kukoleza.

Paka rojo pande zote, weka samaki kwenye oveni yenye nyuzi 200 dakika 8, rudia kupaka mara moja. Huna oveni? Kikaango kisichoshika, moto mdogo, dakika 2 kila upande, na rojo lililobaki mmwagie juu mezani.

Wali wa kwenda nao

Vikombe 2 vya mchele wa basmati, uoshwe na kurowekwa dakika 20, uchujwe. Kikombe kimoja cha tui zito kwa vikombe viwili vya maji, chumvi kijiko kimoja cha chai. Kosa la kawaida ni kufikiri kwamba tui likizidi, wali unazidi utamu. Kikombe cha tui zito hakina maji sawa na kikombe cha maji, sehemu yake ni mafuta, kwa hiyo mchele hubaki na kiini huku chini kunaungua. Chemsha tui na maji kwanza, tia mchele, geuza mara moja. Yakikauka juu, funika kwa karatasi ya foili na mfuniko, moto mdogo kabisa dakika 12. Jiko la gesi dogo halina moto mdogo wa kweli, kwa hiyo weka bati au kikaango kizito chini ya sufuria. Ukoko mwembamba si kosa, wapo wanaougombania.

Nyanya ya pakiti nayo ina kanuni moja tu: ikaange kwenye mafuta dakika 2 au 3 mpaka rangi igeuke nyekundu iliyoiva, kabla ya maji yoyote. Ikitiwa mbichi, mchuzi mzima utakuwa na ukali wa mkebe.

Chapati za jana zilizokakamaa, zinyunyizie maji kidogo na uzipashe zikiwa zimefunikwa.

Tui lililobaki usiliache ndani ya mkebe uliofunguliwa. Lihamishie kwenye chombo chenye mfuniko, friji, ulimalize ndani ya siku 2 au 3, au ligandishe kwenye vibati vya barafu. Likiyeyuka litaonekana limekatika, chembe huku maji huku. Usilimwage, lipashe taratibu ukikoroga, litarudi.