Kuzisoma nyumba kongwe za katikati ya Mwanza

Nenda Jumapili asubuhi, fremu zikiwa zimefungwa; siku nyingine mabango na bidhaa hukufichia kila kitu. Anzia stesheni. Reli ilifika hapa 1928, na mji wa wafanyabiashara ukashika kasi. Kisha ingia mitaa ya Rufiji na Lumumba, tembea ng'ambo ya nyumba unayoitazama, macho juu. Chini duka, juu makazi. Tafuta roshani, na ukutani juu kabisa, ukibahatika, mwaka wa ujenzi kwa tarakimu za saruji zilizopakwa rangi juu ya rangi hadi kingo zimevimba. Hapo mimi husimama muda mrefu. Ukimkuta mzee barazani, shikamoo kwanza, kamera baadaye. Maghorofa ya vioo vya bluu yapite tu.