Mkate wa nyumbani unalipa? Piga hesabu kabla hujawasha oveni

Kuoka mkate mmoja mmoja hakulipi jamani, tusidanganyane. Ukioka mitatu kwa mpigo ndo inaanza kuleta maana. Natumia bei za huku kwetu Dar, wewe weka za kwako.

Mkate mmoja unakula unga nusu kilo, mi kilo nanunua 2,000 kwa hiyo hapo ni buku. Hamira gramu 7, weka 300. Sukari na mafuta vijiko viwili viwili, chumvi kijiko cha chai, tuseme 250. Maji mililita 300. Ishafika 1,550 na hujawasha kitu! Oveni yangu ni ya wati 2,000, kuipasha na kuoka dakika 45, ikivuta mfululizo inakula uniti moja na nusu, uniti ni 350 na ushee kwa hiyo kama 530 hivi. Mkate umefika 2,080. Ila umeme huohuo unaivisha mitatu, na hapo kila mmoja unashuka mpaka 1,730. Na kama luku yako iko kwenye ile bei ya chini ya wasiovuka uniti 75 kwa mwezi, angalia oveni isije ikakutoa huko, utalipia mpaka taa kwa bei mpya.

Halafu linganisha uzito, sio idadi. Donge hilo likiiva linabaki gramu 750 hivi. Wa dukani soma pakti kwanza, ukikuta imeandikwa 400 ujue huo ni nusu mkate na hewa.

Muda sasa. Kazi ya mikono ni dakika 20, kumi kati ya hizo kukanda. Hamira ijaribu kwanza kwenye maji ya vuguvugu ambayo kidole kinavumilia, weka na sukari kidogo, dakika 10 zikipita bila povu tupa hamira, unga wako utakuwa umepona. Kuumuka kwa joto letu ni kama saa moja tu, mi naoga napika mboga nakuta donge limeshakuwa mara mbili. Ila usizurure. Siku moja nilienda kuchukua nyanya nikanogewa na stori kwa jirani, narudi donge limebonyea linanuka kama pombe, nikalikanda upya nikakata skonzi na watoto walikula wakaomba tena.

Liweke kwenye tini, liumuke tena nusu saa, oka nyuzi 190 dakika 30 mpaka 35. Ugeuze uugonge chini, ukilia kama ngoma umeiva. Huna oveni? Sufuria na mkaa, makaa mengi juu ya mfuniko, chini machache, ukigeuza hiyo utakula masizi.

Mkate mweupe wa kawaida utaokoa hela ya chai tu. Faida niliyoiona mimi iko kwenye skonzi na mkate wa maziwa, maana dukani hivyo vinapanda bei sana wakati nyumbani kinachoongezeka ni kikombe cha maziwa.