Ukiona taa zinamulika kando ya barabara Texas

Mnaoendesha Texas, hasa wageni kwenye barabara kuu kama I-35: mkikuta gari la dharura limesimama kando huku taa zinamulika, sheria inataka muiache njia iliyo jirani nalo. Msongamano ukikuzuia kuhama, punguza mwendo hadi maili 20 kwa saa chini ya kiwango kilichowekwa. Kibao kikisema 70, usizidi 50. Kwenye mitaa ya maili 25, shuka hadi 5, yaani unatambaa tu.

Wengi hudhani ni polisi na ambulensi pekee. La hasha! Hata gari la kuvuta magari mabovu na magari ya idara ya barabara yamo. Kwa maoni yangu hao wa kuvuta ndio wa kuonewa huruma zaidi, maana mtu anafunga minyororo huku malori yanampita karibu.

Likija la king'ora nyuma yako, sogea kulia kabisa, nje ya makutano, usimame hadi lipite. Na zimamoto likienda kazini usilifuate ndani ya futi 500 eti upenye foleni.