Kabla ya kununua kitasa, pima mlango

Mlango unapopigwa teke ukafunguka, mara nyingi kitasa chenyewe hubaki kizima. Kinachopasuka ni mwimo. Ulimi unang'oka na kipande cha mbao pamoja na kibati kilichoshikiliwa na skrubu mbili fupi, na mlango unaachia ilhali kitasa bado kimefungwa. Kwa hiyo anzia kwenye mlango na fremu yake. Kitasa cha bei kubwa kwenye mwimo uliooza hakikulindi.

Chukua futi na uandike vipimo hivi: unene wa mlango, upana wa ubao wa pembeni utakaochimbiwa kitasa, mwanya kati ya mlango na mwimo, na umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la ufunguo. Andika pia kama mlango unafungukia ndani au nje.

Mlango wa nje wa mbao uwe na unene wa milimita 44 au zaidi. Sababu yake ni hesabu tu. Sanduku la kitasa cha kuchimbia huwa na unene wa milimita 15 hivi. Likiingia kwenye mlango wa milimita 35, kila upande unabaki na mbao ya milimita 10, na hapo ndipo mlango utakapopasuka. Mlango wa flashi ulio mtupu ndani uachie vyumba vya ndani. Mwanya wa pembeni usizidi milimita 3 hivi, kwa kuwa kila milimita ya mwanya inaula ulimi, na mwanya mpana unakaribisha mtaimbo.

Kipimo cha mwisho, cha kutoka ukingoni hadi tundu la ufunguo, ndicho kinachorudisha watu dukani. Vitasa vingi vya liva (vyenye vibamba ndani vinavyoinuliwa na ufunguo) vya mtindo wa Kiingereza vina sanduku lenye kina cha milimita 64 au milimita 76. Katika la kwanza, tundu la ufunguo liko karibu milimita 44 kutoka ukingoni, na katika la pili ni milimita 57. Ukibadilisha kitasa cha zamani bila kuangalia hilo, hendeli na tundu la ufunguo havitakutana na matundu yaliyopo mlangoni.

Ulimi na liva

Tazama ulimi kabla ya kutazama hendeli. Ulimi wa springi, ule ulioinama upande mmoja, kazi yake ni kuuzuia mlango usipepee. Kadi ngumu ya plastiki inaweza kuusukuma ndani. Kinachofunga mlango kweli ni ulimi wa mraba unaosukumwa na ufunguo, na utoke milimita 20 au zaidi. Kitasa cha kubandika chenye ulimi wa springi ni kizuri kama kitasa cha ziada, mradi ukubali kuzungusha ufunguo kila unapotoka. Kuubamiza mlango peke yake hakutoshi.

Kwenye vitasa vya liva, hesabu ya liva ina maana. Kila liva ni kibamba ndani ya kitasa ambacho ufunguo lazima ukiinue hadi kimo chake halisi. Kikiinuliwa pungufu au kupita kiasi, ulimi hausogei. Robert Barron ndiye aliyeipatia hataza kanuni hiyo Uingereza mwaka 1778, na hadi leo haijabadilika. Kitasa cha liva 2 au 3 kina mipangilio michache ya funguo, kwa hiyo si ajabu ufunguo wa mlango mwingine ukakifungua. Kwa mlango wa nje nunua cha liva 5. Kikiwa kimepimwa kwa kiwango cha Uingereza cha BS 3621, namba hiyo huonekana kwenye bati la ukingoni. Kiwango hicho kinadai ulimi wa milimita 20 na kinga dhidi ya drili na msumeno.

Namba za daraja zisome pamoja na jina la kiwango chake. Kwa ANSI/BHMA ya Marekani, daraja la 1 ndilo la juu kabisa. Kwa makufuli yaliyopimwa kwa EN 12320 ya Ulaya, 1 ndilo la chini na 6 ndilo la juu. Kinyume chake kabisa, na muuzaji anaweza asikwambie.

Silinda

Silinda ni sehemu ya kitasa inayoingizwa ufunguo. Ile ya umbo la tone, inayopenya mlango toka upande hadi upande, ni rahisi kubadilisha, lakini ina sehemu moja dhaifu: katikati, pale skrubu inayoishikilia inapopita. Shaba pale ni nyembamba mno. Silinda ikichomoza nje ya hendeli kiasi cha kushikwa na koleo, inaweza kukatwa kwa kuipinda mara chache, kisha bisibisi inamalizia kazi. Ukirekebisha kitu kimoja tu mlangoni leo, rekebisha hiki.

Pima kutoka katikati ya tundu la skrubu hadi mwisho wa kila upande, kwa sababu pande mbili haziwi sawa kila mara. Silinda ya 35/45 ina milimita 35 upande mmoja na 45 mwingine. Upande wa nje usichomoze zaidi ya milimita 3 kupita hendeli au kava. Chagua yenye mkato wa makusudi upande wa nje, ili ikipindwa ikatike hapo na sehemu iliyobaki iendelee kufunga. Iwe pia na pini za chuma kigumu za kuzuia drili. Kwa alama za TS 007, kiwango cha Uingereza cha silinda na hendeli, silinda ya nyota 3 inajitosheleza. Ya nyota 1 inahitaji hendeli au kava ya nyota 2. Skrubu za kava zikazwe kutoka ndani.

Kuibadilisha ni kazi ya dakika kumi. Fungua mlango, legeza skrubu ndefu iliyo kwenye bati la ukingoni usawa wa silinda, na uitoe. Ingiza ufunguo, uzungushe kidogo huku ukivuta, hadi kidole cha katikati ya silinda (kile kipande kinachosukuma ulimi) kilingane na mwili wa silinda. Itatoka yenyewe. Ukiivuta kwa nguvu kabla ya kidole kulingana, utaharibu kitasa.

Fremu, bawaba na milango ya chuma

Bati linalopokea ulimi liwe la chuma kinene, lenye kikombe, na skrubu zake zifike ukutani. Kwenye fremu ya mbao iliyoshikiliwa na nguzo za mbao, tumia skrubu za milimita 75. Kwenye ukuta wa tofali au zege, toboa kupitia mwimo hadi ukutani, weka plagi, kisha ukaze. Mlango wenye vitasa viwili uviweke mbali kwa sentimita 45 hadi 60, ili teke lisiangukie pointi moja.

Mlango unaofungukia nje huacha bawaba wazi, na pini ikigongwa ikatoka, kitasa hakina kazi tena. Weka bawaba tatu zenye pini zisizotoka, au ongeza vishikizo viwili vya chuma vinavyozama kwenye mwimo upande wa bawaba.

Kwa mlango wa chuma au geti, kufuli lenye mabega yanayoficha upinde ni bora kuliko lenye upinde mrefu. Upinde uwe wa chuma kigumu, unene wa milimita 10 au zaidi. Mkasi wa kukatia nondo unahitaji nafasi ya kuingia, basi chagua tumbuu inayouacha upinde ukibana. Tumbuu ichomelewe, au ifungwe kwa bolti zinazopenya hadi ndani, na vichwa vyake vifunikwe kufuli likiwa limefungwa.

Watu wa ndani watoke

Moto ukiwaka usiku, hakuna anayetafuta ufunguo kwenye moshi. Mlango mkuu uwe na kishikio cha ndani kinachozungushwa kwa vidole. Kama kuna kioo karibu na kitasa, kiasi kwamba mkono unafika, kibadilishe kiwe kioo kigumu au weka grili. Ukilazimika kutumia ufunguo pande zote, utundike mahali pamoja panapojulikana na kila mtu, watoto wakiwemo, na pasipofikika kutoka dirishani.

Ukishafunga kitasa kipya, usibamize mlango. Ukiwa bado wazi, zungusha ufunguo mara kumi, ulimi utoke na kurudi. Kisha funga mlango na ujaribu tena. Ufunguo ukiwa laini mlango ukiwa wazi, na mgumu ukifungwa, tatizo ni bati la mwimo. Paka chaki kwenye ulimi, uone inapogusa, halafu tumia tupa kupanua tundu upande huo. Kulazimisha ufunguo kunaukata, na nusu yake inabaki ndani.

Ukihamia nyumba ambayo mtu mwingine aliishi, badilisha silinda siku ya kwanza, kwa kuwa huwezi kuhesabu funguo zilizo mikononi mwa watu. Silinda ikianza kukwaruza, tumia unga wa grafaiti. Mafuta ya kupikia, na hata ya mashine, hunasa vumbi na baada ya muda pini zinaganda.