Jinsi ya kuwapata wasanii wanaotumia vitu vya ajabu, hata ukiwa Dodoma na bando la buku

Watu wananiuliza ivi wewe hawa wasanii unawatolea wapi, maana simu yangu imejaa picha, huyu kachora kwenye sahani, yule kiti kakiunda kwa bunduki mbovu, na mi nakaa zangu Area C, mtaani hakuna cha galari wala nini. Siri yenyewe ni ndogo tu: usitafute msanii, tafuta KITU. Ukigugo wasanii bora Afrika utaletewa majina yaleyale kila siku.

Mi nilianza na dumu. Nani Dodoma halijui dumu la njano la lita 20, maji yakikatika mnakutana nalo foleni alfajiri na ndoo za jirani. Siku moja nikagugo dumu la njano nikaongezea neno sanaa, kwa kiingereza lakini, tusidanganyane hapo kiingereza kinasaidia, akatokea Serge Attukwei Clottey wa Accra, anakata madumu vipande vidogo vidogo, anavitoboa pembeni, anavifunga kwa waya kimoja kimoja mpaka linakuwa shuka kubwa la plastiki linaning'inia ukutani. Na kule Ghana madumu hayo watu waliyapachika jina la rais Kufuor, kisa shida ya maji kipindi chake. Nilicheka peke yangu, nikasema kumbe hawa ni wenzetu kabisa.

Nikashuka chini kwenye majibu yaleyale ya gugo nikamkuta Romuald Hazoumè wa Benin. Huyu naye ni madumu ila anatengeneza vinyago, mdomo wa dumu unakuwa mdomo wa mtu, mshikio unakuwa pua, na kwake dumu linaongelea petroli ya magendo inayotoka Nigeria kwa pikipiki. Dumu lilelile, habari mbili tofauti. Hapo ndo pa kumpimia msanii, jiulize angetumia kitu kingine kazi ingebaki vilevile? Kama jibu ni ndio, huyo anatafuta kiki tu, endelea kuskroli.

Ukishampata mmoja soma ule mstari mdogo chini ya picha, wengi wanauruka, unataja mwaka, vitu vilivyotumika na ukubwa. Ukopi, utafute huohuo. El Anatsui mi nilimpata hivyo, aluminiamu na waya wa shaba. Ni Mghana aliyefanyia kazi Nigeria miaka mingi, mwishoni mwa miaka ya 90 aliokota mfuko wa vifuniko vya chupa za pombe kali, akaanza kuvibonda na kuviunganisha. Ingia tovuti ya makumbusho, ya British Museum kule London au ya Met kule New York, kuangalia ni bure, vuta picha mpaka uone majina ya pombe kwenye vifuniko, ila subiri uwe na waifai maana bando la buku halifiki mbali. Piga skrinshoti pamoja na ule mstari, afu panga albamu kwa vitu, plastiki, chuma, udongo, nguo, sio kwa majina.

Picha za WhatsApp zisizo na jina zipitishe Google Lens, ile inayotafuta kwa kutumia picha yenyewe. Na siku hizi kuna picha za AI, mtoto kaunda simba mzima kwa chupa, watu laki wamelaiki, kumbe hakuna mtoto wala simba. Kama huoni kazi kwa upande wala ikiwa nusu haijaisha, achana nayo.

Wa kwetu pia wapo msiwasahau. Lubaina Himid kazaliwa Zanzibar 1954, kakulia Uingereza, anachora juu ya sahani na mabakuli ya zamani, Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa kule Uingereza, kabeba 2017. Hata Edward Tingatinga mwenyewe, yule aliyeanzisha michoro ya Tingatinga, 1968 alikuwa anapaka rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, leo tunaona kawaida.

Ukipata nafasi panda SGR mpaka Dar uende Nafasi Art Space, kituo cha wasanii pale Mikocheni, wapo tangu 2008. Salimia kwanza, omba ruhusa ya picha, afu uliza gundi gani imetumika. Usicheke, mi nilishanunua picha ya maganda ya mayai mahali fulani, nikaining'iniza sebuleni, na joto letu hili na vumbi, miezi miwili nafagia maganda kila asubuhi kama nafuga kuku.

Mwisho tembea kwa miguu. Hapa Dodoma njia ya kwenda Sabasaba kuna fundi wa kuchomelea, juu ya geti lake kuna ndege mkubwa wa spoku na cheni za baiskeli, mabawa yote manyoya yanaonekana. Nikamuuliza bei. Akasema huyo hauzwi bro, huyo ni tangazo la mageti.